Risasi ya Mnyama Asiyechinjwa

Subira mimi sikupewa. Marehemu mama alikuwa akisema siku ya kugawiwa subira nilichoka kupanga foleni, nikarudi nyumbani. Kwa hiyo usinishangae nikikuambia kwamba mchana ule, wanaume watatu wakiwa wameketi kwenye mkeka wangu wakibishana juu ya risasi, mimi nilikuwa nakizunguka kibanda kama ngamia wa kinu cha ufuta.

"Fowsiya, keti," abti yangu akaniambia. Abti kwetu ni mjomba, ndugu wa mama, na huyu wangu anaitwa Salah.

"Nikiketi mimi, ngiri naye ataketi?"

Akatikisa kichwa. Amenizoea.

Shamba langu liko ukingoni mwa Tana, upande wa Sankuri, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Garissa mjini. Nililima matikiti maji. Msimu ule yalikuwa yamelala mchangani yakinenepa, mazuri ajabu, na kila jioni jua likianza kulegea alikuja ngiri mmoja dume kuyapasua. Angekula akashiba akaenda zake, ningesema haya, naye ana tumbo. Lakini yule alikuwa anaonja. Anauma hili, analiacha, anakwenda lile, kama bi harusi mwenye pesa za watu sokoni.

Na matikiti yale yalikuwa roho yangu, nikuambie kwa nini. Mume wangu Yakub alifariki kwa ugonjwa wa figo, Mungu amrehemu, wala hakuniachia mtoto. Kwa desturi yetu mjane huolewa na ndugu wa marehemu, tunaita dumaal. Ndugu wa Yakub ni Abdijabar, mfanyabiashara wa mifugo kule Hulugho, karibu na mpaka. Si mtu mbaya. Hilo naomba lieleweke. Anaswali, hapigi mke, hali mirungi. Lakini simpendi, na sikutaka kwenda kuwa mke wa pili kwenye boma ambalo hata chumvi ya mchuzi inaulizwa kwa mama mkwe. Nilitaka shamba langu, kibanda changu, na jioni nikae nje nimtukane nimtakaye.

Walipokuja wazee kuniposa, Abdijabar mwenyewe akiwepo, mmoja akasema mwanamke peke yake hawezi kula kutoka kwenye udongo wa mto. Hapo ndipo damu ilinichemka. Nikasimama mbele ya wanaume wote nikaapa. "Nikivuna msimu huu, mniache nilipo milele. Nisipovuna, wallahi, nitafunga virago mwenyewe niende Hulugho, wala hamtasikia neno langu."

Ulimi wangu huu! Abdijabar akanitazama kwa utulivu, akasema, "Nimekubali." Na wazee wakasoma Fatiha juu ya kiapo hicho.

Basi ndio ngiri akaja. Nilipiga madebe, nikachoma matairi, nikazungushia miiba ya mti wa mathenge mpaka mikono ikatoboka. Akapita. Kisha akampasua paja mzee mmoja jirani aliyemkuta kwenye mfereji, na hapo ndipo tukapata msaada, maana nchi hii huwezi tu kumpiga mnyama wa porini kwa sababu amekuudhi. Afisa wa wanyamapori alikuja, Mtaita mmoja mpole mwenye miwani, akakagua nyayo, akatoa ruhusa. Ngiri huyo mmoja tu, apigwe na polisi wa akiba. Yeye mwenyewe hangeweza kubaki, alikuwa anasubiriwa huko mto unakoteremkia kwa sababu ya kiboko aliyekuwa akitisha wachota maji. Polisi wa akiba tulionao ni wawili, abti Salah na kijana mmoja anaitwa Keynan.

Ndio tukafika kwenye mkeka.

Abti alitoa risasi moja kwenye AK yake akailaza mkekani. Keynan akatoa ya G3 yake akailaza kando. Nikasimama kutazama, maana hata mimi nina macho. Zote wanaziita saba nukta sita mbili, na kweli unene wa kichwa ni mmoja. Lakini ya Keynan ilikuwa ndefu, ina tumbo kubwa la baruti, na ya abti ilionekana kama kitinda mimba wake.

"Unene mmoja, nguvu mbali mbali," yule afisa akasema. "Ngiri dume ana bega gumu, na lile tope lililomkauka mwilini ni kama ngozi ya pili. Hii fupi inaweza kumwua, sikatai, ikimpata penyewe. Lakini hii ndefu ikimpata bega, hainuki. Na huyu hatakiwi kuinuka."

"Auntie, umeskia?" Keynan akaipapasa G3 yake. "Hii ni mashine. Hiyo ya abti ni ya kufukuza fisi tu."

Abti akaishika ile risasi ndefu, akaipima kiganjani, akakunja uso. "Hii ni kubwa mno," akasema. "Inaharibu nyama."

Kisha Keynan akaanguka nyuma kwa kicheko. "Nyama gani, abti? Wataka kutupikia doofaar?" Doofaar ni nguruwe. Hata yule Mtaita aliondoa miwani akajifuta macho. Mimi nikamwambia, "Abti, ukishampika uniletee na mimi sahani."

"Astaghfirullah!" abti akasema, masikio yamemwiva. "Ni ulimi tu. Ni kusema tu."

Lakini haikuwa ulimi tu. Abti Salah amekulia Bute, na miaka ile ya ukame mkubwa, mbuzi walipokwisha, yeye ndiye aliyetumwa porini kutafuta chochote cha kuwapa watoto. Swala, digidigi, chochote. Na sharti alilowekewa na babu lilikuwa moja, mnyama afikiwe na kisu akiwa bado anapumua, la sivyo asiletwe nyumbani. Mwenyewe hutuambia mpaka leo, risasi ni ya kuangusha, kisu ndicho cha kuhalalisha. Kila bunduki aliyowahi kuichagua, aliichagua kwa mizani hiyo. Na sisi tulijua. Tumezisikia hadithi hizo tangu tukiwa wadogo. Tukacheka, tukapita.

"Tena," abti akasema, akitafuta njia ya kujitoa aibu, "kule nyuma ya shamba ni kivuko. Kuna ngamia wa watu wa Wajir wanakunywa maji jioni. Risasi ndefu itapita kwa ngiri iende kwa ngamia. Wenyewe wataniua, na nani atanizika?"

Hilo lilikuwa neno la maana. Afisa akamwonyesha ukingo ule wa juu, akamwambia alale pale, apige kuelekea chini, risasi iishie udongoni. Keynan akasema yeye yuko tayari hata sasa hivi. Lakini Keynan tunamjua. Alimlenga fisi nyumbani kwa chifu, akatoboa tangi la maji la chifu, na fisi alisimama kutazama maji yanavyomwagika.

"Basi abti apige na G3," nikasema.

"Bunduki ya mtu ni kama mswaki wake," abti akanijibu. "Mimi siazimi."

Wakaanza upya. Urefu, uzito, baruti, teke la bunduki begani, upepo. Afisa akaangalia saa, akaondoka, akituachia mkono na maneno yale yale, hatakiwi kuinuka. Keynan anasema hivi, abti anasema vile. Jua linateremka. Mimi namwona yule ngiri moyoni, ameshaamka huko shimoni kwake, anajinyoosha, anafikiria matikiti yangu.

Mwishowe abti akanigeukia. "Shamba ni lako. Amua wewe."

Ningevuta pumzi moja. Ningeuliza swali moja tu, abti, utampiga wapi? Lakini nimeshakuambia mimi ni nani. "Chukua yako, abti," nikasema. "Yako unaijua. Twende, twende, jua linaisha!"

Baada ya Alasiri tulikuwa tumelala nyuma ya rundo la mathenge juu ya ukingo, abti mbele, mimi kando yake. Keynan tulimweka nyuma kabisa, na abti akamwambia asiguse kitu mpaka aitwe. Kungoja kule kulinitesa kuliko jino bovu. Mguu ukafa ganzi. Sisimizi wakaniingia. Nikajikuna, abti akanifinya. Nikakohoa, akanifinya tena.

Kisha ngiri akatokea, mkia juu, anatembea kwa maringo ya mwenye shamba. Akalipita tikiti moja, akalipita la pili, akachagua. Akapiga magoti ya mbele, ndivyo alavyo, akazamisha pembe.

"Bismillahi, Allahu Akbar," abti akanong'ona, na bunduki ikalia.

Ngiri akakaa chini. Yaani nyuma yake ilianguka, mbele imesimama, anakoroma kwa hasira. Risasi ilimpata nyonga. Nikasema moyoni, haya sasa, ya pili, abti, ya pili kichwani, umalize.

Abti hakupiga ya pili. Aliiweka bunduki chini, taratibu, kama anavyoiweka siku zote. Akachomoa kisu kiunoni. Akainuka akateremka ukingo mbio, mzee wa mvi yule, kikoi kimepanda magotini, kisu mkononi, akipiga takbiri kwa sauti.

"Abti!" nikapiga kelele. "Unakwenda kuchinja nini?"

Akasimama ghafla. Alikuwa amebakiza kidogo tu amfikie. Akatazama kisu. Akamtazama ngiri. Wallahi niliona mgongo wake unavyoelewa. Na ngiri naye akamtazama, na katika kutazamana kule yule mnyama akapata nguvu, akainuka kwa miguu mitatu.

Bunduki ilikuwa huku juu kwangu. Keynan alikuwa amekuja mbio na G3 yake ameielekeza chini, anapaza sauti, "Toka hapo! Abti, toka hapo!" lakini abti alikuwa katikati, na risasi ile ndefu ingewapitia wote wawili. Ngiri akamvamia. Akapasua kikoi, akamkwaruza goti, akampita. Kisha akateremka kwa kujiburuta, akipitia katikati ya matikiti yangu, moja kwa moja mpaka kwenye kidimbwi cha pampu, akatumbukia.

Alipiga maji kidogo. Akatulia. Akaelea.

Kidimbwi kile ndicho kinachonywesha mashamba yetu yote. Maji ya mto yanaingia kwa mtaro mwembamba, yanajaa pale, pampu inavuta, kila mtu anapata zamu yake. Na sasa ndani yake kulikuwa na nguruwe, anatoa damu. Kwetu hiyo ni najisi nzito kuliko zote. Mtu akiguswa naye, kukiwa na unyevu, anajiosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo.

Abti aliketi ukingoni, kisu bado mkononi. "Nimezoea, Fowsiya," akasema. "Wallahi nimezoea." Nilikuwa na maneno ya kumwambia, tena mengi, yamepangana mdomoni kama watu kwenye mlango wa benki. Lakini nilivyomwona anakifuta kisu kisichoguswa na damu, nikayameza yote.

Asubuhi wanaume wa kikundi chetu cha wakulima walikuwa wamezunguka kidimbwi, kila mmoja na rai yake, hakuna mwenye mkono. Vibarua wa Kikamba, ambao wangemtoa huku wakiimba na pengine wakamla, walikuwa wameenda kwao Mwingi kwa Krismasi. Afisa alipokea simu akasema yuko na kiboko, atafika baada ya siku mbili tatu. Mwenyekiti akasema tumsubiri.

"Tumsubiri?" nikasema. "Matikiti yanasubiri? Jua linasubiri?"

"Basi nani ataingia, Fowsiya? Wewe?"

Asingeniuliza vile. Nilivua viatu, nikajifunga leso kiunoni, nikachukua kamba, nikaingia. Nikasikia watu wote wakisema "Lahaula!" kwa pamoja.

Maji yalinifika kifuani. Alikuwa mzito, ameshaanza kuvimba, na zile nywele zake ngumu zilinichoma mikono kama brashi ya kusugulia sufuria. Nilimkumbatia, nifanyeje, huwezi kumfunga mnyama kamba tumboni bila kumkumbatia. Harufu sitaki hata kuisimulia. Ramla, jirani yangu wa shamba la pili na rafiki yangu wa tangu shule, alishika mwisho mkavu wa kamba na wanawake wenzake, wakavuta. "Fowsiya!" akapiga kelele, analia na kucheka. "Mimi nakupenda, lakini ukitoka humo usinikumbatie!"

Tulimtoa. Tulimchimbia shimo mbali. Nikaenda nyuma ya turubai nikajimwagia maji mara saba, moja kwa udongo wa mto, na abti upande wa pili akihesabu kwa sauti mashamba yote yasikie. Nilipotoka nilikuwa msafi kama siku niliyozaliwa, na nilidhani mambo yamekwisha.

Kumbe bado. Mwenyekiti alisema kama mtu anaoshwa mara saba, kidimbwi nacho kioshwe mara saba. Kitolewe maji yote, kijazwe, kitolewe, mara saba, mara moja kwa udongo. Tukampigia sheikh mjini. Sheikh akasema hakuna haja, mzoga ukishatoka na maji mapya ya mto yanaingia, yanatosha, msijitie uzito. Mwenyekiti akarudisha simu mfukoni akasema, "Sheikh hanywi maji haya. Tunayanywa sisi." Na wote wakaitikia kwa vichwa, hata wale wanaojua zaidi, maana nani atasimama kutetea maji ya nguruwe?

Mtaro ni mwembamba. Kujaa kwa kidimbwi ni kazi ya nusu siku na zaidi. Kwa hiyo pampu, badala ya kunywesha mashamba, ilikuwa inamwaga maji mchangani, tena na tena. Wengine walikuwa na vitunguu na migomba, hivyo vinavumilia. Mimi nilikuwa na matikiti kwenye mchanga mtupu, jua la Garissa la mwezi wa kumi na mbili, na ndiyo kwanza yanavuta maji ya kumalizia. Majani yakalala. Nikawa nabeba ndoo kutoka mtoni, abti naye kwa lile goti lake lililofungwa kitambaa, asubuhi mpaka jioni. Ndoo mbele ya shamba ni mbwa mbele ya ngamia. Niligombana na mwenyekiti mpaka sauti ikanikauka. Sikulala. Nikilala naota majani yananiita.

Walipomaliza wakanipa maji, zamu ya kwanza, kwa heshima. Maji yakaja kwa wingi, meupe, mazuri. Na matikiti yale kwa kiu yake yakanywa kwa pupa. Kulipopambazuka nilikuwa nimesimama katikati ya shamba nikayasikia yanapasuka. Pa! Kimya. Pa! Huku na kule, moja baada ya jingine, yanafunguka yenyewe, wekundu wote nje. Nilikimbia kutoka hili kwenda lile kama ninaweza kuyashika yasipasuke. Kisha nikakaa chini nikalia kwa sauti, sikujali nani anasikia.

Ngiri alikuwa ameniharibia robo. Usafi wetu ulimaliza yaliyobaki.

"Waambie wazee," Ramla akanisihi. "Hili si kosa lako. Kiapo cha hasira kina kafara, unalisha maskini, unafunga, basi."

"Niliapa mbele ya watu, Ramla. Na mimi ndiye niliyesema mwanamke anaweza. Nikianza sasa kutafuta kafara, watasema si tulijua?"

"Na waseme!"

"Hapana. Nimesema nitaenda, nitaenda."

Nikafunga virago. Nilikuwa na sufuria mbili, godoro, jembe. Jembe nililitoa, nikalirudisha, nikalitoa tena. Kule Hulugho nitalima nini? Usiku sikujua nilalie ubavu gani. Nilijaribu kumfikiria Abdijabar kama mume, sura yake, kikohozi chake cha asubuhi, na kila nilipofika hapo niliamka nikaenda nje nikatembea.

Alikuja Jumamosi, kabla ya Adhuhuri, na Land Cruiser ya kukodi. Alikuwa amevaa kanzu safi, ndevu zimetiwa hina. Abti Salah alimpokea, akamkalisha kwenye mkeka. Virago vyangu vilikuwa mlangoni, wote tunaviona. Nikampikia chai ya maziwa ya ngamia na tangawizi na hiliki, maana mgeni ni mgeni, nikammiminia, nikampa kwa mkono wangu wa kulia.

"Ahsante, Fowsiya," akasema. Akakishika kikombe. Hakukipeleka mdomoni. Alikuwa anatazama mikono yangu.

"Shemeji, kunywa, itapoa."

"Huko njiani nimesikia maneno," akasema polepole. "Watu wanazidisha. Nimesema nikifika nitauliza mwenyewe. Wanasema uliingia kwenye maji na yule mnyama."

"Niliingia."

"Ukamfunga kamba."

"Nilimkumbatia kwanza," nikasema. "Hafungiki bila kukumbatiwa."

Uso wake haukubadilika, ana adabu zake. Lakini kile kikombe kikashuka kikafika kwenye goti. Na hapo ndipo nilipokiona kitu ambacho sikuwa nimekifikiria hata mara moja katika usiku wote ule wa kutembea. Mlango wa kubaki kwangu ulikuwa wazi. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza.

Ni abti sasa. Abti yangu mpenzi, mwenye hatia yake moyoni, ambaye tangu siku ile alikuwa akitafuta namna ya kunilipa, akaona mtu ananitilia shaka kwenye mkeka wangu mwenyewe, akapanda moto. "Alijitwahirisha!" akasema. "Mara saba, moja kwa udongo. Nilihesabu mimi mwenyewe, kwa sauti! Na sheikh wa mjini amesema..."

"Abti," nikasema.

"... sheikh amesema kwa mdomo wake kwamba huyu mtoto ni msafi kuliko sisi sote tuliosimama..."

"Abti, nyamaza."

Akanitazama, haelewi. Nilimkazia macho yale ya mama yangu, dada yake. Akafunga mdomo.

Vidole vya Abdijabar vilikuwa vinazunguka ukingo wa kikombe bila kukigusa sawasawa. Alikuwa anajua sheria kama sisi. Alijua mimi ni safi. Nafikiri alijaribu kwa kweli, nafikiri alikuwa anajiambia kunywa, mwanamume wewe, kunywa. Akakiinua. Kikafika karibu na ndevu. Kisha akakiweka chini kwenye mkeka, kimejaa vile vile.

"Nimefunga," akasema.

Ilikuwa Jumamosi. Abti akafungua mdomo kumwuliza ni saumu gani hiyo ya Jumamosi, nikamkanyaga mguu.

"Mungu aikubali saumu yako, shemeji," nikasema.

"Amin." Akasimama, akakung'uta kanzu. Akasema mama mzee nyumbani hajisikii vizuri, akasema mambo ya Hulugho msimu huu ni magumu, mvua, mifugo, akasema nisiharakishe, nikae kwanza, watazungumza na wazee. Aliyasema yote hayo akiwa anatazama virago vyangu. Kisha akapanda gari, na alipofika barabarani alipiga honi ya kuaga kama mtu muungwana.

Nilikuwa nimepata. Hakuna mtu kutoka Hulugho atakayekuja tena kuniposa, wala kutoka Bute, wala kutoka popote habari itakapofika, na habari kwetu ina miguu. Shamba langu, kibanda changu. Nilitakiwa kurukaruka.

Badala yake uso wangu ukaanza kuwaka. Mtu yule nilimkataa mimi kwanza, tena mbele ya watu. Lakini chai yangu! Mikono hii ndiyo iliyomwogesha ndugu yake alipokuwa hawezi kujigeuza kitandani, na hakuna aliyeuliza ni safi au la.

Nikakaa mkekani pale alipokuwa amekaa. Nikachukua kile kikombe nikanywa, nikakimaliza chote. Ilikuwa chai nzuri, wallahi. Machozi yakawa yanateremka tu.

"Sasa unalia nini?" abti akaniuliza. "Si ndivyo ulivyotaka?"

"Ndivyo nilivyotaka," nikamwambia. "Niache nilie."

Akaniacha. Akaanza kuingiza virago ndani, kimoja kimoja, kwa lile goti lake bovu.